Chasisi ya Landrover 109 imeliwa na kutu, naichomelea mwenyewe uani

#1 Bolti_Iliyoganda

Wakuu, habari za jioni. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo naleta uzi kwa kuwa nimefika mahali pa kuomba ushauri.

Baba mdogo alipoacha kuendesha alinikabidhi Landrover yake, Series III, 109 ya turubai, injini ya petroli ya lita 2.25. Imepiga kazi miaka na miaka kati ya Pangani na Tanga mjini: nazi, magunia ya dagaa, mbao, na mara mbili tatu bibi harusi. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa inarudishwa kinyumenyume mpaka ufukweni kupokea samaki, tairi za nyuma ndani ya maji, halafu jioni inalazwa chini ya mwembe bila kuoshwa.

Kwa nje ni gari la kupiga nalo picha. Bodi ni aluminiamu. Landrover ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, chuma huko Uingereza kilikuwa bado cha mgawo baada ya vita, wakaunda bodi kwa kile kilichopatikana. Kwa hiyo bodi haishiki kutu, na wanunuzi wengi wanadanganyika hapo hapo. Chasisi ni chuma, boksi la mabamba ya karibu milimita 2 yaliyounganishwa kwenye kingo. Boksi linaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona tobo, ujue ndani kulishakwisha zamani.

Mimi nilishtuliwa na mlango. Nikipakia mzigo nyuma, mlango wa dereva unagoma kufunga. Nikaingia chini na nyundo ndogo, nikaigonga chasisi toka mbele mpaka nyuma, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Chuma kizima kinalia "ting". Kilichooza kinasema "bu". Kila kwenye "bu" nikaweka chaki, kisha nikarudi na bisibisi ya zamani nikachokonoa. Imepita kama kwenye biskuti sehemu nne: boriti ya nyuma, mikono miwili ya pembeni upande wa kulia inayobeba bodi, na kipande kama futi moja na nusu cha reli ya kulia (ule mhimili mrefu wa chasisi), juu ya eksili ya nyuma.

Hapo kwenye reli palikuwa na kiraka tayari. Fundi aliyenitangulia (simjui, na sitaki kumjua) alilaza bamba juu ya kutu, akachomelea kwa kudonoa nukta kama kumi, akasiliba puti na kupiga rangi nyeusi. Nilipokikata, kiraka chenyewe kilikuwa kizima. Chuma cha chini yake nilikizoa kwa ufagio.

Nina mashine ndogo ya kuchomelea ya ampea 200, grenda, jeki mbili na Jumamosi zangu. Nimeshachomelea mageti na madirisha, chasisi bado. Nianze vipi?

#2 Dalali_Makini

Unauza?

#3 Bolti_Iliyoganda

Siuzi mkuu.

#4 Naipita_Tu

Naweka kambi hapa. Ila uzi wa gari bila picha ni wali bila mchuzi.

#5 Mzee_wa_Gesi

Kijana, geti likipinda nusu inchi mbuzi atapita. Chasisi ikipinda nusu inchi utakula tairi, na gari litatembea upande kama kaa. Kwa hiyo usianze na mashine. Anza na timazi.

Tafuta sakafu ya saruji. Inua gari, toa magurudumu, uliweke kwenye stendi za chuma au magogo mapana, sehemu sita angalau, siyo nne, na siyo jeki. Jeki ni ya kuinulia, haijaumbwa kukaa juma zima chini ya gari. Pima kwa pimamaji kulia na kushoto. Halafu chagua alama zinazofanana pande zote mbili: matundu ya vishikio vya springi mbele na nyuma, bolti za kushikia bodi. Kwenye kila alama teremsha timazi, piga alama ya chaki sakafuni. Ukimaliza una ramani ya chasisi yako chini. Vuta futi kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, kisha ya mbele kulia mpaka ya nyuma kushoto. Ikiwa vipimo viwili vinapishana milimita mbili tatu, shukuru. Vikipishana zaidi ya tano sita, hiyo siyo kutu peke yake, gari liliwahi kugonga au kugongwa.

Andika vipimo kwenye daftari, maana chaki itafutwa na miguu.

Kuhusu kiraka. Mficha uchi hazai. Kata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, hata kama kidirisha kitakuwa kikubwa mara tatu ya ulivyodhani. Pembe za kiraka zizungushe, usiache kona kali, ufa huanzia kwenye kona. Tumia bamba la unene ule ule, milimita 2 au 2.5. Najua utaona kipande cha milimita 5 kwenye chakavu kimekaa vizuri na roho itakutuma. Kiache. Bamba nene juu ya chuma chembamba halikubali kupinda pamoja na reli, kwa hiyo reli itakatika pale pale pembeni ya kiraka. Na usikate wala kuunga reli kwa mstari ulionyooka wima. Mshono uwe wa mshazari, mzigo ugawanyike kwenye urefu.

#6 MamaSpana

Shikamoo Mzee wa Gesi. Naongeza yale ambayo wanaume mnayaruka.

Fungua nyaya zote mbili za betri, na za oltaneta pia, vinginevyo utachoma vidude vya ndani. Waya wa athi wa mashine uubane kwenye chuma kilichosafishwa, karibu na unapochomelea. Ukiubana mbele na wewe unachomelea nyuma, umeme utatafuta njia yake kupitia beringi na nyaya za gari.

Tangi la 109 yako liko chini ya kiti cha kulia, na hiyo mikono iliyooza ndiyo majirani zake. Litoe lote, ulipeleke mbali na uani. Usiseme "halina mafuta". Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Mabomba ya mafuta na paipu za breki zilizo karibu nazo zitoe, au uzifungue na kuzisogeza.

Waya za taa za nyuma kwenye Landrover hizi zinapita NDANI ya boksi la chasisi. Wengi wanagundua kwa kunusa. Zivute zitoke, lakini kabla ya kuvuta funga kamba kwenye ncha, ili kamba ibaki ndani ikusaidie kuzirudisha.

Jambo la mwisho: namba ya chasisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Hapo usiingize grenda hovyo kwa kisingizio cha kusafisha kutu. Namba ikifutika, kadi ya gari na gari lenyewe havizungumzi lugha moja tena, na siku ya ukaguzi utaeleza mpaka koo likauke.

#7 kijana_wa_Mabibo

Mnamchosha mwenzetu. Babu yangu alikuwa na Landrover, kila mwaka anapaka oili chafu chasisi nzima. Haikuoza mpaka inauzwa. Kutu dawa yake oili chafu, basi.

#8 Mzee_wa_Gesi

Babu yako alikuwa wapi? Kama ni Dodoma hata angepaka uji isingeoza.

Oili chafu inazuia maji, sikatai. Lakini imebeba asidi na masizi ya injini, inalainisha bushi za mpira mpaka zinakuwa kama maandazi, inadondoka ardhini, na ni mbaya kwenye ngozi yako wewe unayepaka. Ubaya mwingine anaupata fundi atakayekuja kuchomelea baadaye.

#9 Mswahili_wa_Glasgow

Nafuatilia uzi huu kutoka huku kwenye baridi. Chumvi huku haitoki baharini, inamwagwa barabarani kila majira ya baridi kuyeyusha barafu. Landrover nyingi zimekufa kwa hiyo.

Mleta uzi, ukitaka kipimo cha kazi yako, huku ukaguzi wa kila mwaka, MOT, unaangalia hivi: kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhika springi, usukani, breki au mikanda inahesabiwa kuwa ya hatari, hata kama kwingine ingesamehewa. Na kiraka kwenye sehemu hizo lazima kichomelewe mfululizo kuzunguka pande zote. Nukta nukta kama za yule fundi wako hazipiti. Kuunga kwa shaba nako hakupiti. Gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa ukaguzi, lakini kutu haisomi hiyo sheria.

Reli yako iko juu ya eksili, kwa hiyo uko ndani ya hizo sentimita 30. Kuwa makini.

#10 Bolti_Iliyoganda

Wakuu, nimerudi baada ya Jumamosi tatu. Nina habari nzuri moja na mbaya mbili.

Nzuri: vipimo vya awali vilipishana milimita 3 tu. Gari halijawahi kupigwa. Mzee, asante sana, daftari limekuwa rafiki.

Mbaya ya kwanza. Nilidhani baba mdogo hakuwahi kutumia oili chafu. Kumbe aliimimina kwenye boksi kupitia matundu ya juu. Nilipoanza kuchomelea mkono wa kwanza, moshi mweupe ukatoka mita moja mbele ya mahali nilipokuwa, halafu ulimi wa moto ukachungulia kwenye tundu la kutolea maji. Mpwa wangu alikuwa amesimama na ndoo ya mchanga na chupa ya maji ya kupulizia, kwa sababu nilimwahidi soda. Alizima kabla sijavua ngao usoni. Nimemnunulia soda mbili. Baada ya hapo nikasitisha, nikaosha ndani ya reli kwa maji ya moto na sabuni ya unga kwa mpira wa bustani, siku mbili, mpaka maji yakatoka yanaonekana. Lilitoka tope jeusi karibu ndoo nzima, na ndani yake kulikuwa na magamba ya kombe. Ufukwe tuliokuwa tunapokelea samaki tumeubeba tukaja nao mjini.

Mbaya ya pili ni kosa langu. Nilikata boriti ya nyuma nikaiweka pembeni, nikasema nitashughulikia reli wakati kuna nafasi. Kiraka cha reli kikakaa vizuri, rodi 2.5, ampea 75. Nikanogewa, nikachomelea upande wote wa nje kwa mkupuo mmoja. Kilipopoa nikapima. Mishazari (vile vipimo vya kona kwa kona) sasa inapishana milimita 8. Mkia wa reli umevutwa kulia.

Nimekaa kwenye ndoo nikaitazama nusu saa.

#11 Mzee_wa_Gesi

Ulikata boriti kwanza! Boriti ndiyo iliyokuwa inashika mikia miwili pamoja. Ukiiondoa, kila reli inakuwa mwana mpotevu.

Usihuzunike, kinarudi. Chuma kikichomelewa kinasinyaa kinapopoa. Umechomelea nje peke yake, kwa hiyo upande wa nje umefupika na mkia umegeukia huko. Kata mshono wako kwa diski nyembamba, wote, usionee huruma kazi yako. Utasikia reli inalegea. Irudishe kwenye alama ya chaki, kisha chukua chuma cha pembe kirefu, kilaze kutoka reli ya kulia mpaka ya kushoto, ukidonoe kwa muda pande zote mbili. Weka kingine cha mshazari. Sasa hakiendi popote.

Halafu donoa kiraka: pembe moja, pembe ya mkabala, katikati juu, katikati chini. Pima. Ndipo uchomelee vipande vya sentimita mbili au tatu, kimoja nje, kingine ndani, kingine juu, kingine chini, unazunguka kama anayekaza nati za gurudumu. Ukimaliza kipande, gonga mavi ya chuma, piga brashi, ngoja mpaka unaweza kuweka mkono. Usimwagie maji kuharakisha. Kazi ya saa moja itachukua mchana mzima, ndiyo maana wenye gereji hawaipendi.

Kisha rudisha boriti, na baada ya boriti ndiyo utoe vyuma vya pembe.

#12 Fundi_Umeme_Sinza

Na waya wa kurefushia umeme uutandaze wote. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake na unavuta ampea zote hizo, utajipika wenyewe. Rodi zako pia zianike juani kabla. Pwani hiyo zinanyonya unyevu, halafu unamlaumu mkono wako.

#13 Dada_wa_Mwenge

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi sina Landrover, nina gari dogo la Japani, na chini ya mlango kuna kutu inabonyea kwa kidole. Naweza kufanya hivyo hivyo nyumbani?

#14 MamaSpana

Dada, gari lako halina chasisi ya kujitegemea kama hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na hicho kizingiti chini ya mlango ni mojawapo ya mifupa inayolibeba. Bati lake ni jembamba, kama milimita moja au pungufu, rodi ya 2.5 itatoboa kabla hujasema bismillahi. Hapo panahitaji mashine ya waya na gesi na mtu aliyezoea. Na kabla ya kukata, milango ifungwe au matundu yake yashikwe kwa chuma, la sivyo haitafunga tena.

Siku nyingine ukinunua, omba karatasi ya mnada wa Japani. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Magari ya Hokkaido na kaskazini yametembea kwenye theluji na chumvi. Wauzaji wanapiga rangi nyeusi chini ili kung'aa. Rangi mbichi chini ya gari la miaka kumi na tano ni swali, siyo sifa.

#15 Nahodha_Mstaafu

Kwa kuwa sifa imetajwa, huku kwetu Likoni sifa ni mafuta ya papa. Tulipaka majahazi miaka na miaka, mbao hazinywi maji wala jua halizipasui. Yakhe, jaribu kwenye chasisi.

#16 Naipita_Tu

Nahodha, abiria watashuka njiani. Na paka wote wa Chumbageni watamfuata mpaka Pongwe.

#17 Mswahili_wa_Glasgow

Wazo la Nahodha siyo la kuchekwa. Huku watu wanapuliza mafuta ya sufu ya kondoo ndani ya boksi, au nta laini. Kinachotakiwa ni kitu kinachotambaa, kisichokauka kikapasuka. Rangi ngumu ikipata ufa inafungia maji ndani.

#18 Bolti_Iliyoganda

Wakuu, Jumamosi ya kumi na moja leo.

Mshono niliukata kama Mzee alivyosema. Diski ilipopita sentimita ya mwisho reli ikaruka "tak" na kurudi yenyewe zaidi ya nusu ya njia. Niliogopa, kisha nikacheka peke yangu. Vyuma vya pembe, donoa, pima, chomelea kidogo, kaa kwenye ndoo, kunywa chai. Mishazari sasa inapishana milimita 2, nzuri kuliko nilivyoikuta.

Boriti ya nyuma nimeunda mpya badala ya kushona viraka, kwa sababu ya zamani ilikuwa viraka vitupu. Nimeacha matundu ya kutolea maji kwenye kila kona ya chini. Ya zamani yalizibwa na tope, maji ya chumvi yakakaa humo kama kwenye mtungi.

Vishikio vidogo na bolti kubwa nimevisafisha kwa magadi. Beseni la plastiki, maji, magadi soda vijiko vichache, chaja ya betri. Waya wa hasi kwenye kitu chenye kutu, wa chanya kwenye kipande cha chuma chakavu ambacho hukihitaji. Ukikosea ukageuza, kitakacholiwa ni kifaa chako. Usitumie chuma cha pua kwenye chanya, kinatoa sumu majini. Fanya nje penye hewa, kwa kuwa povu lile ni gesi inayowaka. Asubuhi kutu inatoka kwa brashi ya viatu.

Rangi: nimesugua mpaka chuma cheupe, nikapiga praima ya zinki siku hiyo hiyo, maana huku Tanga ukiacha chuma wazi usiku mmoja kinaamka kimepata wekundu. Juu yake rangi ya mafuta mikono miwili. Wanaopiga redoksaidi (praima nyekundu) wakaishia hapo wajue praima peke yake inanyonya maji. Ndani ya boksi, grisi niliyoilainisha kwenye sufuria ndani ya maji ya moto, nikaichanganya na oili SAFI, nikaisukuma kwa mpira mpaka ikatoka matundu ya mbali. Mahali bodi ya aluminiamu inapokalia chuma nimeweka vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu vikigusana kwenye unyevu wa chumvi aluminiamu inageuka unga mweupe.

Jana nilipakia mifuko sita ya saruji nyuma. Mlango wa dereva ukafunga kwa kidole. Baba mdogo alikuwepo, akaufungua na kuufunga mara nne bila kusema kitu, kisha akauliza kama kuna chai.

#19 Dalali_Makini

Mkuu, na sasa hivi?

#20 Bolti_Iliyoganda

Siuzi.

MamaSpana, nina swali. Ile kamba uliyoniambia niiache ndani ya chasisi ya kuvutia waya za taa. Leo nimeivuta, imetoka sentimita ishirini na ncha nyeusi. Nyingine iliungua siku ya moto.

#21 MamaSpana

Nilisema kamba? Ningesema waya wa chuma. Nisamehe mdogo wangu. Nenda kwa fundi baiskeli, nunua waya wa breki ule mrefu wa nyuma, uunge miwili. Ingiza kwa mbele, mpwa wako akae nyuma na sumaku kwenye tundu.

#22 Bolti_Iliyoganda

Anasema sasa hivi bei ni soda tatu.